Dakika 25, mstari mwekundu na sauti ya simu: uzoefu wangu wa kuhariri kabla ya kwenda kazini

Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tanga, na hadithi zangu huziandika baina ya sala ya alfajiri na saa moja asubuhi, kabla sijatoka Ngamiani kwenda kazini. Kwa miezi sita sasa nimetumia zana tatu zisizolipiwa, moja ya kupanga muda na mbili za kuhariri, nami nimeona nieleze jinsi kila moja ilivyonifaa, kwa kuwa maelezo mengi niliyoyasoma kabla ya kuanza yalimlenga mtu anayeandika kwa Kiingereza na asiye na shughuli nyingine mchana kutwa.

Ya muda ni utaratibu uitwao Pomodoro, ambao Mwitaliano Francesco Cirillo aliubuni mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, akijipimia muda kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Na pomodoro kwa Kiitaliano ni nyanya hiyohiyo. Unafanya kazi dakika 25, unapumzika dakika 5, na baada ya duru nne unapumzika zaidi. Sikupakua programu yoyote, kwani saa ya simu inatosha. Katika kuandika rasimu ya kwanza haukunisaidia, kwa sababu kengele ililia palepale mhusika alipokuwa anaanza kufunguka. Katika kuhariri, hata hivyo, siwezi tena kuuacha, maana anayehariri kwa muda mrefu macho huchoka, akawa anayapita makosa yake mwenyewe bila kuyaona.

Kwenye kompyuta natumia LibreOffice, programu ya kuandikia ambayo ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili cha Tanzania. Nililazimika kwanza kuichagua lugha hiyo katika mipangilio, kwani kabla ya hapo ukurasa mzima ulijaa mistari myekundu kana kwamba sijui kuandika. Makosa ya vidole inayanasa vizuri, kwa mfano “kwasababu” iliyounganishwa. Kitenzi kilichorundikwa viambishi, kama vile “wasingalimtambua”, huweza kukitilia shaka bila sababu, na hilo nalivumilia.

Nisilolivumilia ni kimya chake. Katika hadithi moja nilibadili “jahazi” kuwa “mashua” kwa amri ya kutafuta na kubadilisha, na kwa sekunde moja nikapata sentensi isemayo “mashua lile lililokuwa limetia nanga”. Mstari mwekundu haukutokea hata mmoja, kwa sababu mkaguzi wa tahajia hulitazama kila neno peke yake, na kila neno pale lilikuwa sahihi. Kilichoharibika ni upatanisho wa kisarufi, ambao hauonekani mpaka maneno yasomwe pamoja. Kwa Kiswahili, basi, kubadili nomino moja ni kubadili mlolongo mzima unaoifuata, na amri ile haijui hivyo. Siku hizi situmii tena kitufe cha kubadilisha yote kwa mpigo, bali napita nomino moja baada ya nyingine, hata kama duru nzima ya dakika 25 itaishia hapo.

Aliyenionyesha kosa lile la mashua ni simu. Simu yangu ya Android ina sauti inayosoma maandishi ya Kiswahili, nayo ndiyo zana ninayoithamini kuliko zote tatu. Haina hisia hata kidogo, kwani msiba na salamu huvisoma kwa mlio uleule, lakini huo ndio ufundi wake: mimi nikijisomea, hurekebisha kosa kichwani na kusonga mbele, ilhali simu husoma kilichoandikwa tu. “Mashua lile” iliniumiza sikio mara moja. Sentensi zangu ndefu mno nazo nazibaini hivyohivyo, kwa kuwa nikifika mwisho wake nimekwisha kumsahau mtenda.

Kuandika kwa kuzungumza, ambako Google ilikufikisha kwenye Kiswahili mwaka 2017, nimekutumia kwa kunukuu mawazo tu, kwani nafasi ya koma na nukta nililazimika kuiweka baadaye kwa mkono.

Kwa atakayejaribu kusomewa na simu alfajiri, atafute spika za masikioni mapema. Mimi nilichelewa kuzinunua, na nyumbani kwangu wameisikia mashua ile ikitia nanga mara nyingi mno.