Transfoma haina shoti ila ukiwasha breka inaruka? Tuangalie ndani ya LTspice

Mwangaluka wanangu, karibuni tena. Leo hakuna mashine mezani, ni laptopu tu na programu ya kujaribia saketi kwenye kompyuta inaitwa LTspice, ya kampuni ya Analog Devices, bure kabisa, gharama ni bando lako. Kuinstoli siongelei, mnajua. Na maiki mpya imefika, ule upepo wa ziwa mliokuwa mnaulalamikia umeisha.

Haya. Umewaindi transfoma kubwa vizuri, haina shoti, ukiwasha mara breka inaruka, mara hairuki, mteja wa Nyakato anaanza kukuona tapeli. Tazameni skrini. Hii koili ya transfoma, pale pa henri (kipimo cha koili) huandiki henri, unaandika kori yenyewe, lile bati la katikati: Hc (nguvu ya kufuta usumaku uliobaki), Br (usumaku unaobaki ukizima), Bs (usumaku ukifika hapo kori imeshiba), eneo lake, urefu wa njia ya sumaku, gepu la hewa, na raundi. Halafu vipimo vyote mita, kori ya sentimita mraba 10 unaandika 0.001, hii inanikera jamani, fundi gani anapima kori kwa mita mraba?

Sasa naiwasha wimbi likiwa sifuri. Volti 230, kwa hiyo kilele 325, hezi 50. Rani... ONA HIYO! Mkondo umepanda upande mmoja tu, chini karibu hamna kitu, halafu unashuka taratibu wimbi baada ya wimbi. Subiri nivute karibu. Sasa nabadilisha fezi tu, yaani wimbi lianzie wapi, naweka digrii 90, ianzie kileleni. Kimya. Koili ileile, kori ileile!

Kwa nini? Ukianzia sifuri, sumaku inajikusanya nusu wimbi zima bila kupunguzwa, inafika mara mbili ya kawaida. Kori uliyoipigia hesabu ya tesla 1.4 (tesla ni kipimo cha usumaku) inaambiwa ibebe 2.8, na bati la silikoni linashiba kwenye 2 hivi, likishiba koili inabaki kama waya mtupu ndo breka inaondoka. Na ulipoizima jana ikabaki na usumaku wa upande huohuo, leo itakuwa mbaya zaidi. Ukinzani wa waya msisahau kuuweka, ndo unaotuliza.

Kuna wanaosema programu ya FEMM ya David Meeker inatosha. Nzuri, bure pia, inachora sumaku kwa rangi, ila kwenye AC inachukulia kila kitu ni wimbi safi la sine, huo mruko wa mkondo wa kuwasha hauoni ng'o. Ingawa, tuwe wakweli, LTspice nayo inaichukulia kori nzima kama namba moja ya tesla, kona ipi imeshiba kwanza haikuambii, hapo FEMM inaipiga. Kwa hiyo mimi nimebaki nazo zote mbili. Ansys Maxwell, programu ya kulipia, inafanya yote, ila kwa bei ile bora ununue mtumbwi na injini yake uende Ukerewe.

Programu ya Elmer ya Wafini nayo bure, inafuata mambo yanavyobadilika na muda, na kori inayoshiba, ila kuielewa ni shughuli. Mnaoitaka semeni kwenye komenti, na jiandaeni, itakuwa video ndefu.