Amani ya 1919 au ya 1945: ipi bora?

Ujerumani ilishindwa vita viwili vya dunia, na kila mara washindi walipanga amani: 1919 kwa mkataba wa Versailles, 1945 kwa kuikalia nchi. Tuanze na fedha, maana ndipo ubishi huwaka. Mwaka 1921 Ujerumani ilipangiwa fidia ya marki za dhahabu bilioni 132. Ilipochelewesha mbao na makaa ya mawe ya kulipia fidia hiyo, Ufaransa na Ubelgiji ziliingia Ruhr, eneo lake la viwanda na migodi, Januari 1923. Wafanyakazi wakagoma, serikali ikachapa noti za kuwalipa, marki ikaporomoka. Baada ya 1945 mambo yaligeuka: Marekani ilimimina takriban dola bilioni 13 Ulaya Magharibi, na 1953 Ujerumani Magharibi ikasamehewa karibu nusu ya deni lake la nje. Ujerumani Mashariki, Wasovieti waling'oa mitambo ya viwanda kama fidia.

Usimamizi? Versailles iliruhusu askari 100,000 tu, ila wakaguzi walishaondoka 1927. Mwaka 1945 majeshi manne, ya Marekani, Uingereza, Ufaransa na Usovieti, yaliikalia nchi nzima; dawa kali, na nchi ikabaki vipande hadi 1990.

Anayetaka vijana wake warudi nyumbani upesi hana budi kuchagua mfumo wa 1919, na hatari zake. Aliye tayari kukaa miongo achukue wa pili. Poland ingejibu vingine: 1919 ilithibitishiwa uhuru, 1945 ikaangukia mikononi mwa Moscow. Na Tanganyika? Mjerumani alitoka, Mwingereza akaingia.