Aimlabs kwa anayeanza: wiki sita za kuufundisha mkono kulenga

Kwa muda wa wiki sita nimekuwa nikitumia Aimlabs, programu ya mazoezi ya kulenga shabaha ambayo mtu huipakua bila malipo kupitia Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, na nimeitumia nikiwa mchezaji anayeanza kabisa. Nilikuwa nimecheza Counter-Strike 2, mchezo wa kompyuta wa timu mbili zinazopigana kwa bunduki, kwa miezi mitatu, nikitokea kwenye michezo ya simu, na karibu kila raundi nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Tathmini hii naiandika kwa ajili ya mwenzangu aliye pale nilipokuwa, ambaye kila mtu amemwambia akafanye mazoezi ya kulenga, lakini hakuna aliyemweleza ayafanye vipi. Niseme mapema ninachoamini: programu hii ni nzuri na inastahili nafasi katika kompyuta ya kila anayeanza, ila inafundisha nusu tu ya kazi yenyewe, na zoezi lake linalojulikana kuliko yote ndilo lililonifaa kidogo kuliko yote.

Aimlabs imetengenezwa na Statespace, kampuni ya New York iliyoanzishwa na watu wa fani ya sayansi ya ubongo, na iliingia Steam mwaka 2018 kwa jina la Aim Lab. Asili hiyo inaonekana katika namna inavyokupima. Ukimaliza zoezi hupewi jumla ya alama peke yake, bali unaonyeshwa pia asilimia ya risasi zilizopata, muda uliotumia kuifikia kila shabaha, na hata upande wa skrini unaokusumbua. Katika wiki ya kwanza niligundua kuwa shabaha za kushoto nilizipata bila shida, lakini za kulia nilizipitiliza mara kwa mara, jambo ambalo nisingelijua kamwe kwa kucheza mechi tu, kwa sababu ndani ya mechi mtu akikuua unabaki kulaumu kila kitu isipokuwa kifundo cha mkono wako.

Hata hivyo, kabla ya kuihukumu programu, lazima nizungumzie kasi ya kipanya, ile ambayo wachezaji wetu huiita sensi, kwa kuwa hapo ndipo wengi tunapoharibikiwa kabla hata ya kuanza. Mimi nilikuwa nikicheza kwa DPI 1600, yaani kipanya kinahesabu nukta 1600 katika kila inchi kinayosogea, na sensi ya 2.5 ndani ya mchezo. Ukipiga hesabu ya Counter-Strike, ambayo huugeuza mwili wa mchezaji nyuzi 0.022 kwa kila nukta katika sensi ya 1, utaona kwamba sentimita 10 hivi za mwendo wa kipanya zilitosha kunizungusha duara zima. Adui aliyesimama mbali huonekana kichwa chake kikiwa kidogo kama punje ya mchele, na kwa sensi ya namna hiyo mtetemo mdogo wa kidole unairusha alama ya shabaha, ile ya katikati ya skrini inayoonyesha unakolenga, kutoka sikio moja hadi jingine. Niliteremka hadi DPI 800 na sensi ya 1.1, ambapo duara zima linahitaji sentimita 47 hivi. Siku tatu za mwanzo nilijiona kama ninayesukuma gunia, kwa sababu kazi iliyokuwa ikifanywa na vidole sasa ilipaswa kufanywa na mkono mzima kuanzia kwenye kiwiko. Siku ya nne mkono ulitulia. Aimlabs inakuruhusu kuchagua mchezo unaoucheza na kuandika sensi ileile, kwa hiyo unachokizoea humo ndicho utakachokikuta kwenye mechi, na kwa maoni yangu hii ndiyo huduma yake iliyo bora kuliko zote.

Vifaa navyo vina sehemu yao. Kipanya changu cha kwanza nilikinunua katika duka moja la Kariakoo, na boksi lake liliahidi DPI kubwa ajabu, lakini kila nilipokivuta kwa kasi, alama ya shabaha iliruka na kutazama angani. Kwa wiki nzima nilidhani tatizo ni mimi. Nikakibadilisha kwa kipanya cha kawaida kinachosoma mwendo kwa uaminifu, tena cha bei isiyopishana sana na kile cha kwanza, na mruko ule ukaisha. Anayepunguza sensi ahakikishe pia ana padi pana ya kuwekea kipanya, maana ile ndogo ya ofisini inaisha kabla adui hajafikiwa. Katika Windows, zima ule mpangilio unaoongeza kasi ya kielekezi kadiri unavyosogeza kipanya haraka. Michezo mingi ya siku hizi huupuuza, lakini si yote, na mkono hauwezi kukariri umbali unaobadilika kila mara. Kwa walio katika joto la Dar es Salaam kama mimi, kuna jambo dogo ambalo sijaona likitajwa: ngozi ya mkono inanata juu ya padi kwa jasho, na mwendo unakwama katikati. Nilikata kisigino na vidole vya soksi ndefu ya mpira wa miguu, nikaivaa mkononi kama shati lisilo na mwili, na tangu siku hiyo mkono wangu unateleza vilevile saa saba mchana na saa nne usiku.

Sasa tuje kwenye mazoezi yenyewe. Zoezi ambalo kila anayefungua Aimlabs hulikimbilia ni Gridshot. Mipira mitatu mikubwa inaonekana ukutani, ukipiga mmoja mwingine unatokea papo hapo mahali pengine, na unafanya hivyo kwa sekunde 60. Linapendeza, lina mlio mzuri, na alama zake zinapanda haraka. Wiki mbili za mwanzo sikufanya kingine. Alama zangu zilipanda karibu kila siku, nami nikaamini nimekuwa mtu mwingine, lakini kwenye mechi nikaendelea kufa vilevile. Sababu niliielewa baadaye nilipojitazama kwa utulivu: mipira ya Gridshot ni mikubwa, iko karibu karibu, na kwa kuwa mitatu inaonekana kwa pamoja, jicho tayari linajua linakokwenda kabla mkono haujamaliza kazi iliyo mbele yake. Hali hiyo ni nadra sana katika Counter-Strike, ambapo adui mmoja hujitokeza ghafla, mbali, na sehemu inayohesabika ni kichwa chake tu. Nilikuwa nimejifunza kucheza Gridshot.

Kilichonibadilisha ni mazoezi ya shabaha ndogo, hasa Sixshot na Microshot, pamoja na Spidershot, ambayo hukupeleka kwenye shabaha ya pembeni kisha kukurudisha katikati kila mara. Ili kueleza kwa nini yanafaa, inabidi tutazame kwa karibu mkono unapolenga. Mwanasaikolojia Mmarekani Robert Woodworth alionyesha tangu mwaka 1899 kwamba mwendo wa kulenga una sehemu mbili: kuna msukumo wa kwanza, mkubwa na wa haraka, unaoufikisha mkono karibu na shabaha, kisha kuna marekebisho madogo yanayoongozwa na jicho. Anayeanza huwa na msukumo bila marekebisho. Anarusha kipanya na kubofya papo hapo, akiomba Mungu. Kwenye Sixshot ombi hilo halijibiwi, kwa sababu shabaha ni ndogo mno kupatwa kwa bahati, na polepole unaanza kuihisi ile nukta ya wakati baina ya kufika na kubofya, ambapo kidole kinasubiri kidogo sana hadi jicho likubali. Nilijiwekea sharti la kutoongeza kasi mpaka usahihi wangu uvuke asilimia 90, na nilipolishika sharti hilo kasi ilikuja yenyewe bila kuitwa. Usiku mmoja nilikaa na Sixshot peke yake nikiwa nimelegeza vidole makusudi, kwani nilikuwa nimegundua kwamba ninakikamata kipanya kama anayening'inia kwenye tawi. Kukilegeza tu kuliniongezea usahihi kuliko wiki nzima ya Gridshot.

Yapo pia mazoezi ya kufuatilia shabaha inayotembea, kama Strafetrack, ambapo unatakiwa kuubakiza mtutu juu ya mtu anayekwenda kushoto na kulia. Katika Counter-Strike, ambapo risasi moja au mbili za kwanza humaliza ubishi, ujuzi huu una nafasi ndogo. Anayecheza michezo mingine ya bunduki kama Apex Legends au Overwatch, ambako adui huhitaji risasi nyingi kabla ya kuanguka, aupe muda mwingi zaidi.

Nusu iliyobaki ya kazi haimo katika Aimlabs, na mtu asipoambiwa hivyo atavunjika moyo. Shabaha za humo hazikupigi risasi, hazijifichi nyuma ya kona, na wewe mwenyewe kwa kawaida umesimama mahali pamoja. Katika Counter-Strike miguu ni sehemu ya kulenga: ukifyatua bunduki kama AK-47 huku unakimbia, risasi hutawanyika hata kama alama ya shabaha iko katikati ya paji la uso, kwa hiyo lazima usimame kwanza, na njia ya haraka ya kusimama ni kugusa kitufe cha upande wa pili wa unakoelekea, D ikiwa ulikuwa ukienda kwa A, kisha kufyatua. Kubwa zaidi ni mahali unapoiweka alama ya shabaha kabla hujamwona mtu yeyote. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikitembea nikitazama sakafu. Adui alipotokea nilikuwa na kazi mbili, kupandisha alama hadi kichwani na kuisogeza pembeni, wakati yeye alikuwa na kazi moja tu ya kubofya. Binadamu huhitaji kiasi cha sehemu moja ya tano hadi robo ya sekunde kuitikia anachokiona, na muda huo hakuna mazoezi yatakayoufuta, lakini ule wa kupandisha alama kutoka sakafuni unafutika leo hii.

Nilijifunza hilo katika Dust II, mojawapo ya ramani, yaani viwanja vya kuchezea, vya Counter-Strike, kwenye ile njia ndefu inayotoka milango miwili kuelekea A, mojawapo ya maeneo ya kutegea bomu. Niliingia peke yangu, bila wapinzani, nikatembea taratibu huku nikiibakiza alama ya shabaha usawa wa kichwa cha mtu wa kufikirika, nikiitelezesha kwenye ukingo wa kila kona kabla ya kuipita. Makreti na fremu za milango zilinisaidia kukadiria urefu huo. Nilifanya hivyo kwa dakika 10 kila siku. Katika wiki ya nne, kwenye mechi halisi, mpinzani alitokea kwenye kona hiyohiyo na kichwa chake kikaingia chenyewe ndani ya alama yangu. Nilichofanya ni kubofya, na AK-47 ikamwangusha kwa risasi moja pamoja na kofia yake ya chuma. Sikukisogeza kipanya hata kidogo. Nadhani huo ndio ulengaji bora kuliko wote niliowahi kufanya, na hakuna zoezi la Aimlabs linaloweza kuupa alama.

Kuhusu mengine sina mengi ya kusema. Sehemu ya kulipia ipo, lakini anayeanza hana haja nayo. Mazoezi yanaendeshwa ndani ya kompyuta yako, hivyo hayaathiriwi na ucheleweshaji wa intaneti, na hilo si jambo dogo kwetu ambao mechi zetu hutegemea seva za Johannesburg au Dubai: humo unaujua mkono wako ulivyo, bila mashaka kwamba labda mtandao ndio uliokukosesha. Mshindani wake mkuu, KovaaK's, hununuliwa, na ina mazoezi mengi mno yaliyotengenezwa na wachezaji wenyewe, wingi ambao ulinichanganya nilipoijaribu kwa rafiki yangu. Voltaic, kundi la wapenzi wa mazoezi ya kulenga, limeandaa vipimo vya viwango kwa programu zote mbili, na nawashauri wanaotaka kujua wako wapi wavitumie baada ya mwezi wa kwanza, si kabla.

Onyo moja la dhati: katika wiki ya tatu nilifanya mazoezi kwa saa mbili mfululizo, na siku iliyofuata kifundo cha mkono kiliniuma hata kushika kikombe. Nilipumzika siku tatu na nilirudi bila kupoteza chochote. Maumivu ya namna hiyo yasisukumwe, na yasipoisha kwa mapumziko, mtu amwone daktari.

Ratiba niliyobaki nayo ni dakika 20 za Aimlabs, ambazo nusu yake ni Sixshot na zilizobaki nagawa kati ya Microshot na Spidershot, kisha dakika 10 za kutembea ramani tupu, halafu mchezo wa kuuana huria ndani ya Counter-Strike yenyewe kabla ya mechi. Gridshot sijaifuta. Naicheza mara moja tu mwanzoni, sekunde 60 za kupasha mkono, na alama zake siku hizi sizitazami.