Matairi ya baiskeli ya safari ndefu: lami, changarawe na miba

Mtu anayejiandaa kwa safari ya baiskeli ya siku nyingi huingia dukani akitaka tairi lenye meno marefu kama la trekta, kwa sababu njia anayoifikiria ni mbovu. Apige hesabu kwanza. Kutoka Arusha hadi Mto wa Mbu pekee ni zaidi ya kilomita 100 za lami kabla hujagusa vumbi la kuelekea Engaruka na Ngare Sero. Na vumbi lenyewe sehemu kubwa ni udongo mgumu uliokanyagwa na magari, mawimbi-mawimbi, na kokoto zilizolegea juu yake. Meno marefu huko hayana kazi. Kwenye lami yanapinda, yanakula nguvu za miguu na kuisha haraka. Yanasaidia kwenye tope laini tu, tena si kila tope: udongo mweusi wa mbuga ukilowa unanata kwenye tairi lolote, unajaa kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele hadi gurudumu linagoma, na hapo dawa ni kusubiri jua au kubeba baiskeli begani.

Kinachokatisha safari ni ubavu wa tairi kuchanika. Pancha ya katikati inazibwa kwa dakika kumi, lakini ubavu ukikatwa na jiwe la volkano kati ya South Horr na Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, na duka la karibu liko mwendo wa siku mbili, unatafuta lifti ya lori. Ndiyo maana mpangilio wa hapa chini unaanza na ubavu, kisha wepesi wa kuviringika, kisha muda wa kudumu. Meno yanakuja mwisho.

Namba kwanza, jina baadaye

Usinunue kwa kusema "inchi 28" au "inchi 29" tu. Soma namba mbili zenye kistari kati zilizochapwa ubavuni, mfano 57-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu. Baiskeli ya milimani ya inchi 26, ambazo ndizo zimejaa kwenye mitumba, ni 559. Ya 27.5 ni 584. Ya 29 ni 622.

Mtego uko kwenye 28. Tairi la 28 linalotoka Ulaya ni 622, sawasawa na 29, tofauti ni upana. Lakini tairi la 28 x 1½ la baiskeli ya mizigo, ile Phoenix ya kila kijiji, ni 635. Haliingiliani na 622 hata ulilazimishe. Muuzaji akikwambia "28 ni 28 tu", mwombe akuoneshe namba.

Upana unaofaa kwa safari ya mchanganyiko ni inchi 2.1 hadi 2.35. Chini ya 2.0 mchanga unakumeza na mawimbi ya barabara yanakupiga mikono. Juu ya 2.4 unabeba uzito wa bure, labda kama njia yako ni mchanga mtupu. Kabla ya kulipa, pima nafasi kwenye fremu ukiwa na tairi la sasa lililojaa upepo: ufunguo wa aleni wa milimita 6 upite bila kugusa kati ya tairi na bomba za nyuma, pande zote mbili, na juu kwenye uma pia. Haupiti? Usiongeze upana. Ukienda kipindi cha mvua, Usambara kwa mfano, acha milimita 10.

Mpangilio wetu

1. Vittoria Mezcal, 2.25 au 2.35. Meno yake ya katikati ni mafupi na yamesongamana hadi yanakaribia kuwa mstari mmoja, kwa hiyo kwenye lami linaviringika kwa utulivu bila ule mvumo wa meno. Ya pembeni yana nafasi ya kutosha kukushikia kona ya changarawe. Linatengenezwa kwa matoleo zaidi ya moja, na hapa ndipo watu wanapokosea: chukua lile lenye ubavu ulioimarishwa, linaloandikwa Trail, uache la mashindano, ambalo ni jepesi zaidi lakini ubavu wake ni mwembamba. Ukiwa na mzigo, tegemea kilomita 3,000 hadi 5,000 kwa tairi la nyuma. Udhaifu wake ni tope. Meno yanajaa upesi na hayajisafishi. Kwa njia ya nusu lami nusu vumbi hatujaona sababu ya kulishusha kutoka namba moja.

2. Schwalbe Marathon Mondial, 2.0 au 2.15. Hili ndilo la mwenye mabegi manne na mwezi mzima mbele yake. Lina mpira mwingi, ubavu mgumu, na si ajabu la nyuma kuvuka kilomita 8,000. Toleo lenye herufi DD limeongezewa kitambaa ubavuni. Ndilo la kutafuta. Kwa nini basi liko la pili? Ni zito, na ukipunguza upepo ili lishike mchanga linabaki gumu, halilali vizuri ardhini. Pia limetengenezwa kwa ajili ya tyubu. Kama lami inazidi theluthi mbili ya njia yako, ligeuze liwe la kwanza, na wala usione haya.

3. Maxxis Ikon, 2.20 au 2.35. Meno madogo yaliyotawanyika sawasawa, mepesi kuviringika, yanashika kila mahali kiasi bila kuwa bora popote. Hakikisha ubavuni limeandikwa EXO, ndiyo kinga yao ya pembeni, na TR kama unataka kutumia bila tyubu. Bila EXO halistahili kuwa kwenye orodha hii. Linaisha mapema kuliko Mezcal likikaa nyuma, lakini mbele ni zuri sana. Ikon mbele na Mezcal nyuma ni jozi isiyo na lawama.

4. Schwalbe Smart Sam Plus, 2.25. Wenye baiskeli za mitumba za 26 waanzie hapa. Bei yake ni ya wastani, lina tabaka la kinga chini ya meno, na mstari wa katikati unaoviringika vizuri. Ukingo wake, yaani sehemu inayokaa kwenye rimu, ni wa waya, hivyo ni tairi la tyubu. Usilichanganye na Smart Sam ya kawaida, isiyo na neno Plus, ambayo kinga yake ni ndogo na miba ya mgunga inapita.

5. Continental Race King ProTection, 2.2. Hili ni miongoni mwa mepesi kuviringika katika matairi ya milimani. Kwenye vipimo vya maabara, tofauti kati ya tairi la namna hii na tairi zito la kinga nene inafika wati 10 na zaidi kwa kila tairi, na hiyo unaisikia jioni. Lakini mpira ni mwembamba, meno ni mafupi, na nyuma ukiwa na mzigo linaweza kuisha kabla ya kilomita 3,000. La mwendo wa siku chache na mzigo mwepesi. Toleo la bei nafuu lenye neno ShieldWall lina mpira wa daraja la chini; jina ni lilelile, tairi ni jingine.

6. Schwalbe Marathon Plus MTB. Pancha karibu utazisahau. Mwendo nao utausahau, kwa sababu tairi moja linazidi kilo moja na tabaka lake nene la kinga linafanya kila kilima kiwe kirefu. Kwa mpeleka mizigo wa mjini, sawa. Kwa kilomita 100 kwa siku, hapana, isipokuwa unapita eneo lenye mbigili kila hatua na hutaki kabisa kutumia dawa ya kuziba pancha.

Chini ya hayo kuna matairi ya waya ya sokoni, yenye nyuzi 22 hadi 30 za kitambaa cha ndani kwa kila inchi, ambayo mengi yanauzwa kwa robo ya bei ya Mezcal. Yasidharauliwe yote. CST, kwa mfano, hutoka kampuni ileile ya Taiwan inayotengeneza Maxxis, na tairi lake la meno mafupi linakufikisha. Yanayofaa kuepukwa ni yale yasiyo na namba ya kipenyo, yasiyo na kiwango cha juu cha upepo, na yenye mpira unaong'aa kama plastiki. Hayo ubavu wake hutoka malengelenge kwenye joto la lami ya mchana.

Tyubu au dawa

Kwenye nchi ya miba, mfumo usio na tyubu unashinda bila ubishi. Mwiba unaingia, dawa inaziba, unaendelea. Masharti ni matatu: tairi lenye ukingo wa kukunjika lililoandikwa kuwa linakubali, rimu inayokubali, na utepe uliobandikwa vizuri ndani ya rimu. Tairi la waya la kawaida usilifanyie majaribio. Ukingo wake haujaumbwa kufunga upepo peke yake, na linaweza kuruka nje ya rimu ukiwa mteremkoni.

Kufunga: safisha rimu kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Bandika utepe ulio mpana kuliko ndani ya rimu kwa milimita 2 hadi 4, ukiuvuta kwa nguvu, upite tundu la valvu kwa sentimita 10 upande wa pili. Toboa utepe kwa msumari uliopashwa moto, maana kisu kinaacha mpasuko unaoendelea kuchanika. Weka valvu na kuikaza kwa vidole, si kwa koleo. Vaa tairi, toa kiini cha valvu, peleka kwenye kompresa ya sheli na usivuke kiwango kilichoandikwa kwenye tairi au rimu. Utasikia milio miwili ya kukaa. Zungusha gurudumu ukiangalia ule mstari mwembamba kandokando ya ukingo: ukizama sehemu moja, tairi halijakaa, lipake maji ya sabuni ujaze tena. Likikaa, toa upepo, mimina dawa mililita 100 hivi kwa tairi la 29 x 2.25, rudisha kiini, jaza, kisha laza gurudumu kila upande dakika kumi na tano.

Joto linakausha dawa. Pwani na Turkana usingoje miezi mitatu. Ongeza mililita 50 baada ya wiki sita. Beba pia kamba za kuzibia mashimo makubwa, tyubu moja ya akiba, na kipande cha ubavu wa tairi kuukuu cha sentimita 5 kwa 8, kingo zake zikiwa zimechongwa, cha kuweka ndani ubavu ukichanika. Ukifika mjini, fundi viatu ataushona kwa uzi wa nailoni vizuri kuliko mafundi baiskeli wengi.

Ukibaki na tyubu, angalia valvu. Tundu la rimu lililotobolewa kwa valvu nyembamba ni milimita 6.5 na halipitishi valvu nene ya gari, inayohitaji 8.5. Tyubu za vijijini nyingi ni za valvu nene au ile ya Phoenix.

Ukipata pancha kwenye lami, usiishie kuziba. Malori yanapopasua matairi huacha pembezoni vipande vyenye nyuzi za chuma nyembamba kama nywele, na uzi mmoja ukibaki ndani utatoboa kila tyubu utakayoweka. Pitisha pamba ndani ya tairi mzunguko mzima. Inaponasa ndipo ulipo. Vidole havitauona na kucha hazitautoa, kwa hiyo kibano kidogo kiwe kwenye begi.

Upepo

Matatizo mengi yanayosingiziwa tairi ni ya upepo. Kwa mwendeshaji wa kilo 75 na mzigo wa kilo 15, tairi la 2.25 lenye tyubu lianze na psi 28 mbele na 34 nyuma. Bila tyubu, 22 na 26. Kwenye lami ndefu ongeza 5 hadi 8. Mchanga mzito ukianza, shusha hadi 16 au 18 bila tyubu, na ujaze tena ukitoka, vinginevyo jiwe la kwanza litagonga rimu. Ukikuta tyubu ina matundu mawili sambamba, si mwiba huo, ni rimu iliyoibana kwa upepo mdogo. Kubonyeza kwa kidole gumba hakupimi chochote kwenye tairi la ubavu mnene; nunua geji.

Dukani

Lipinde tairi kati ya vidole uangalie mashina ya meno. Nyufa nyembamba hapo ni dalili ya mpira uliokaa juani au stoo miaka, hata kama bado lina lebo. Weka ukingo juu ya ukingo wa tairi la pili la aina hiyohiyo: vikipishana, moja lina kasoro. Angalia mshale wa mwelekeo, maana baadhi ya matairi yanageuzwa yakihamishiwa nyuma.

Na nunua matatu badala ya mawili, kama mfuko unaruhusu. La nyuma linaisha karibu mara mbili ya haraka kuliko la mbele. Likianza kuwa kipara katikati, la mbele lihamie nyuma na jipya liende mbele, ambako kuteleza ndiko kunakokuangusha.