PAS au Alcian blue kwa utumbo wa sungura?

Mwanafunzi wa Mwanza ana vipande vya utumbo wa sungura waliofugwa Ilemela, na pesa ya rangi moja tu ya kuonyesha kabohidrati chini ya hadubini. Anunue ipi?

PAS (periodic acid-Schiff) huonyesha mengi. Asidi ya periodiki hugeuza sehemu za sukari kuwa aldehaidi, kisha kitendanishi cha Schiff huzipaka wekundu wa zambarau: ute usio na asidi, na glaikojeni (akiba ya sukari ndani ya seli) pia. Hapo ndipo penye mtego, maana viwili hivyo hutoka rangi moja. Kipande cha pili lazima kitiwe amilesi (kimeng'enya kinachovunja glaikojeni) kwanza ili glaikojeni iondoke (hata mate hufaa, usicheke). Tena Schiff hutaka baridi na giza, na umeme wetu mnaujua.

Alcian blue hukaa kabatini bila madeko. Kwa pH (kipimo cha asidi) ya 2.5 hushika ute wenye asidi. Ukishusha hadi 1.0 hubaki ule wenye salfati. Glaikojeni haigusi.

Kwa utumbo mpana, ambako sungura huvika ute kinyesi laini anachokila tena, ningeanza na buluu. Kwa tumbo, ambako ute wa juu kwa kawaida hauna asidi, PAS bila mjadala.