Ofisi ya wathamini iliyohesabu makovu ya mnazi wetu

Nimehudumiwa na ofisi hii ya wathamini wa ardhi hapa mjini Mombasa kwa muda wa miezi minne, katika dai la fidia ya kiwanja cha mama yangu kilichoko Mtongwe. Ninaandika maoni haya kwa ajili ya wenye nyumba wa Likoni, Kisauni na Changamwe ambao huamka wakakuta nguzo imesimamishwa uani mwao, wasijue waanzie wapi.

Mwaka jana mkandarasi wa kampuni moja ya umeme alimjia mama na karatasi mbili zilizoandikwa kwa Kiingereza, akamwambia atie sahihi ili majirani wa nyuma wapate umeme, na mama, ambaye hajui kumnyima jirani kitu, akatia. Siku tatu baadaye minazi mitatu na mwembe mmoja ilikuwa chini, nguzo ya transfoma imesimama kando ya jiko, kiwambaza cha jiko kimepata ufa, na waya wa kuishikilia nguzo umekitwa katikati ya kijia cha kwendea msalani, ambako mama hupita usiku na tochi mkononi. Kampuni iliahidi shilingi 9,000 kwa miti yote. Kuhusu ardhi yenyewe haikutamka neno.

Nilipofika ofisini sikuulizwa kwanza ninataka kiasi gani. Niliulizwa hatimiliki iko kwa jina la nani, mama alitia sahihi lini, nakala iko wapi, na kama tuna picha zilizopigwa kabla ya miti kukatwa. Nakala hatukuwa nayo, na ofisi ikatuandikia barua ya kuiomba siku hiyo hiyo. Mthamini alinieleza kwa utulivu kwamba kuruhusu laini ipite si kusamehe fidia, isipokuwa karatasi yenyewe iwe imesema hivyo, na ndiyo sababu mtu hapaswi kuachana na karatasi aliyoitia sahihi bila kubaki na nakala yake. Sheria ya Kawi ya 2019 inamtaka anayepitisha laini katika ardhi isiyokuwa yake aombe kwanza ridhaa ya mwenye ardhi, na mwenye ardhi naye asiikatae bila sababu ya msingi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inakwenda mbele zaidi: fidia ni ya matumizi ya ardhi, na juu yake huongezwa hasara ya miti, mimea na majengo, na ikiwa ardhi ni ya mtu binafsi, hesabu hufuata thamani ya ardhi iliyokadiriwa na mthamini mwenye sifa. Zile shilingi 9,000 zilikuwa zimegusa kipande kimoja tu cha haki hiyo, tena kwa juu juu.

Siku ya ukaguzi walivuka feri watu wawili, mthamini na msaidizi wake kijana, nao walifika saa mbili asubuhi kama walivyoahidi. Hapo ndipo nilipoona tofauti ya mtu anayeijua kazi yake. Vigogo viwili vya minazi vilikuwa bado vimelala nyuma ya jiko. Yule kijana alichutama, akafuta mchanga kwa kiganja, akaanza kuhesabu makovu kuanzia shinani kwenda juu, huku akiweka alama ya chaki kila yalipotimia kumi na mawili. Kila kovu ni la kuti moja lililoanguka, na mnazi uliokomaa hutoa makuti kama kumi na mawili kwa mwaka, kwa hiyo gogo lenyewe hueleza, kwa makadirio, mti ulikuwa na umri gani. Mmoja ulikuwa katika nguvu zake za kuzaa, na minazi yetu mirefu ya Pwani huzaa kwa miongo mingi. Wa pili ulikuwa mchanga, ndio kwanza unaanza kutoa vidaka. Kampuni ilikuwa imeipangia yote bei moja, kana kwamba ni kuni. Mama, aliyekuwa ameketi barazani kimya tangu asubuhi, alinyanyuka akaenda kumwonyesha kisiki cha mnazi wa tatu, akamwambia, "Huu alipanda babake huyu, mwanangu, mwaka aliozaliwa yeye." Kijana akaandika.

Walipima pia ukanda ulio chini ya laini, kwa kuwa hasara haiishii kwenye shimo la nguzo. Pale waya unapopita huwezi tena kujenga wala kupanda mti mrefu, na kadiri umeme unavyokuwa mkubwa ndivyo ukanda unavyopanuka. Laini ya kilovolti 400 inayotoka Mombasa kwenda Nairobi, kwa mfano, hutengewa mita 60. Wetu ni mwembamba mno ukilinganisha na huo, lakini umekata mahali ambapo ndugu yangu alinuia kujenga vyumba viwili.

Jambo jingine lililonipa imani nao ni kwamba nilipomwomba mthamini auongeze kidogo umri wa mwembe, alikataa kwa adabu na akaniambia ripoti yenye jambo moja la uongo haisimami mbele ya hakimu.

Shangazi yangu wa Kisauni nilimpeleka baadaye. Yeye ana nyumba bila ardhi, kama walivyo watu wengi wa mji huu: nyumba ni yake, kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi hulipa kodi ya ardhi. Nguzo ilipowekwa dirishani mwake aliyeitwa kuzungumza na kampuni alikuwa mwenye kiwanja peke yake. Ofisi ilimwonyesha kwamba sheria inamtaja pia anayeikalia ardhi kihalali au kwa hali halisi, ikamwandalia makadirio ya nyumba yake peke yake. Hili linaniuma kuliko la kwetu, kwani wenye nyumba za namna hii ndio wanaorukwa mara nyingi.

Nina malalamiko mawili. Ripoti iliyoahidiwa kwa wiki mbili ilichukua tano. Tena ilikuja kwa Kiingereza kitupu, hata mama akalazimika kusomewa habari za minazi yake mwenyewe, ilhali Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Ukurasa mmoja wa Kiswahili mwanzoni mwa ripoti ungetosha. Ada tuliyolipa, shilingi 18,000 pamoja na safari, naiona ya haki, lakini iandikwe ukutani mtu aijue kabla ya kuketi. Cheti cha usajili walinionyesha bila kusita, na ninawaomba mkiulize popote mtakapokwenda.

Kampuni imekwisha kulipa miti na ufa wa jiko kwa hesabu ya ripoti. Waya ulihamishwa wiki iliyopita, hatua nne kutoka kijiani. Fidia ya matumizi ya ardhi bado inabishaniwa, na tusipokubaliana kiasi tutakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa. Mthamini ameshakubali kuja kutoa ushahidi, kwa ada tuliyoandikiana mapema.