DuckDB kwa maduka matatu ya dawa: kila dawa kwenye risiti ina mstari wake

Tangu Januari hesabu za maduka yetu matatu ya dawa hapa Tanga (Ngamiani, Chumbageni na Makorora) nazifanyia kwenye DuckDB. Ni programu huria ya hifadhidata, ya bure, iliyoanzia kwenye taasisi ya utafiti ya CWI huko Amsterdam. Haitaki seva. Ghala letu zima la data ni faili moja kwenye laptopu yenye RAM ya GB 8.

Kabla ya hapo tulilipia huduma ya ripoti kila mwezi. Yenyewe ilihifadhi mstari mmoja kwa kila duka kwa siku: tarehe, duka, jumla ya mauzo. Masika yaliyopita mama mwenye maduka akaniuliza kuhusu ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha: "Mwanangu, ORS inatuishia Makorora kila mara. Huwa inaisha saa ngapi?"

Nikafungua ripoti. Shilingi 1,240,000. Basi. Miaka miwili ya mauzo, na humo ndani huoni hata kidonge kimoja. Iliniuma sana, maana mashine ya kaunta ilikuwa inajua kila kitu. Mahindi yakishasagwa, punje huzipati tena.

Safari hii, kabla ya kuunda jedwali lolote, niliandika kwenye daftari: mstari mmoja ni dawa moja kwenye risiti moja. Saa, duka, namba ya risiti, dawa, namba ya bechi, idadi, bei. Ni kama mistari 1,200 kwa siku kwa maduka yote, na DuckDB inaijumlisha ya miezi yote kabla sijavuta pumzi. Kwa hiyo sababu ya kufupisha data mapema, kwa biashara ya ukubwa wetu, siioni tena. Mama nimeshamjibu: Makorora ORS huisha kabla ya saa 12 jioni, watu wanapotoka kazini.

Ila programu haitakuchagulia kiwango cha undani, yaani mstari mmoja ubebe nini. Mimi niliweka punguzo la risiti nzima kwenye kila mstari wa dawa. Risiti yenye dawa tano na punguzo la 2,000 ikahesabiwa punguzo la 10,000, na hakuna onyo lililotokea. Sasa punguzo lina jedwali lake, mstari mmoja kwa risiti. Stoo nayo ina lake, mstari mmoja kwa kila bechi kila usiku, na hilo halijumlishwi siku kwa siku: boksi 40 za Jumatatu na 40 za Jumanne si boksi 80.

Kasoro yake kwetu: faili moja huandikwa na programu moja tu kwa wakati mmoja. Wauzaji hunitumia CSV (faili za maandishi zenye mistari ya mauzo) kwa WhatsApp, nami naziingiza usiku. Mwenye maduka yanayotaka kuandika yote kwa pamoja mchana kutwa aangalie PostgreSQL, hifadhidata ya bure inayotumia seva. Kwa kazi yetu, naipa nyota 4 kati ya 5.